Nimeunguza chembe cha mshale cha mteja kwenye grenda, kinaponyeka?

Mnoaji wa Mbuyuni (Moshi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa mafundi chuma na wanaojua upinde. Wengine vuteni viti muangalie ninavyoaibika.

Mimi kazi yangu kunoa. Nina baiskeli yenye jiwe, unaisimamisha kwenye stendi, unakanyaga pedeli, jiwe linazunguka. Asubuhi nipo Mbuyuni kwa watu wa mabucha, mchana nawapitia mafundi cherehani na mikasi yao. Kisu 1,000, mkasi 1,500, panga maelewano. Mwaka wa kumi na moja huu na kazi imenirudia mara moja tu, mkasi wa mama mmoja, na hata huo ulikuwa umelegea msumari wa katikati, makali hayakuwa na kosa.

Jumatano akaja kaka mmoja, mtu wa Machame lakini ameishi Minnesota miaka mingi. Akafungua leso imelowa mafuta, ndani mna vyembe sita vya mishale. Nikadhani ni mapambo ya ukutani. Akaniambia huko alikuwa anawinda kulungu wao kwa upinde wa mbao, siyo ule wa kisasa wenye magurudumu kwenye ncha, na mwezi wa saba anakwenda Limpopo, Afrika Kusini, kwenye shamba la wanyama. Amelipia, ana barua zake. Vyembe vimelala kwenye sanduku miaka mitatu vimeanza vidoa vya kutu. "Nimeambiwa Mbuyuni mkono ni wako. Nataka vinyoe nywele." Sifa hizo, nikakubali bila hata kuuliza.

Vitatu ni vya bapa mbili, vyembamba, virefu kama kidole changu cha kati. Hivi makali yake yana mlalo upande mmoja tu, upande wa pili ni tambarare, mfano wa patasi ya seremala. Vitatu vingine ni vya bapa tatu, zimesimama kuzunguka kama mafiga. Vyote nyuma vina tundu la kuchomekea mti wa mshale, kwa gundi ya moto kama nilivyomwelewa.

Kosa langu sasa. Jiwe la baiskeli ni pana, kwenye bapa tatu haliingii katikati. Nikaenda kwa jirani anayechomelea madirisha, nikamwomba grenda. Nikagusisha. Nahesabu ilikuwa sekunde nne, tano ni nyingi. Nikaona njano kama majani makavu inakimbia kwenye ukingo, ikafuata zambarau, kabla sijainua mkono ikawa bluu, ile bluu ya nzi wa jalalani. Ubapa mmoja, kuanzia ncha hadi kama robo tatu ya urefu wake.

Babu yangu alikuwa mhunzi kule Mamba, hukuhuku Kilimanjaro. Wa Mamba wananijua nasema nini. Panga likivaa bluu mahali pasipotakiwa, babu alikuwa analitupa pembeni bila neno, na sisi wajukuu tulijua hapo hatuulizi kitu. Nimekaa na hiki chembe mkononi nikamkumbuka yule mzee mpaka nikaona haya.

Mteja anakuja Jumamosi jioni. Naomba mnisaidie: hicho kilichoungua kinaponyeka? Hivyo vitano vinanolewaje kwa mkono bila kuharibu zaidi? Na aliniomba nimwambie vipi vya kubeba kati ya bapa mbili na bapa tatu, maana anasema mnoaji ndiye anayejua kipi kinashika makali. Mimi najua kisu cha bucha. Hiki sijui.

Nawasilisha.

Chalii wa Kijenge (Arusha)

Mangi umepokea vifaa vya jangili halafu umekuja kutuuliza hadharani. Kesho tukuone na pingu.

Mnoaji wa Mbuyuni

Chalii, nimeona tiketi na barua ya shamba lenyewe. Hapa kwetu hatumii. Angekuwa jangili asingenipa namba ya simu ya mama yake.

Chalii wa Kijenge

Hapo kwa mama yake nimekubali. Ngoja waje wenye mada.

Mzee wa Podo (Usa River)

Nimesoma, nimecheka kidogo, kisha nikaona nijibu kabla ya Jumamosi.

Mimi nilikuwa mchunaji. Miaka kumi na minne, hukohuko Limpopo, kwenye mashamba mawili tofauti. Wageni wanapiga, mimi nachuna. Wenye bunduki na wenye upinde wote wamepita kwenye banda langu, na mchunaji ndiye anayeuona ukweli, kwa sababu mwindaji anasimulia alichokiona kwa nje na mimi nafungua kifua. Sasa nafuga kuku na nina migomba, kwa hiyo muda ninao.

Kwanza elewa mshale unauaje, ndipo utajua unanoa kwa ajili ya nini. Risasi inapiga kwa kishindo, inapasua na kuvunja. Mshale wa upinde wa mbao hauna kishindo. Unakwenda taratibu, hata mnyama huusikia uzi ukilia kabla mshale haujafika. Unaua kwa kukata mishipa na mapafu, damu inatoka, mnyama analala. Pasipo kukata, umemchoma mnyama kijiti tu.

Kuna nyumbu sitamsahau. Mgeni alimpiga jioni, mahali pazuri, nyuma ya mguu wa mbele, sote tuliona mshale ukizama. Tukafuata damu, matone machache, yakakatika. Usiku tukalala porini. Kesho yake saa nne asubuhi ndiyo tukamkuta, amesimama chini ya mti, kichwa chini, yu hai. Akamaliziwa kwa bunduki. Nilipofungua kifua nikaukuta mshipa mkubwa umelala kando ya chembe, mzima kabisa, umesukumwa pembeni kama unavyosukuma kamba ya nguo upite. Chembe kilikuwa ndani na mshipa haukukatika. Nikakifuta nikakipitisha kwenye nywele za mkono wangu. Hakikunyoa hata moja. Nikamuuliza yule bwana, akasema alikipiga mara tatu kwenye shabaha ya mazoezi wiki ile akakirudisha kwenye podo, ule mfuko wa mishale, hivyohivyo.

Kwa hiyo kipimo chako kisiwe nywele peke yake. Chukua kopo la maziwa tupu, livishe rababendi, ile mipira ya kufungia noti, ivutike vizuri juu ya mdomo wa kopo. Sasa gusisha makali ya chembe kwenye mpira, usisukume kwa nguvu, usichezeshe kama msumeno. Makali ya kweli yanaukata palepale unapogusa. Makali ya uongo yanaubonyeza mpira kwanza, unanesa, ndipo unakatika. Huo mpira ndio mshipa wa yule nyumbu. Kuna makali yananyoa nywele na bado yanaubonyeza mpira, nimeyaona mengi.

Sasa hicho cha bluu. Chukua kona ya tupa, ipitishe kwa wepesi kwenye chuma kizima karibu na shina, halafu kwenye bluu. Kama huku inateleza na kule inauma, basi moto umelegeza chuma. Kama zinauma sawa, una bahati, maana vyembe vingi vya kunolewa kwa tupa havikukazwa sana toka kiwandani. Bluu ikiwa ni ukanda mwembamba, iondoe yote kwa tupa mpaka ufike chuma cheupe. Tafadhali usikipashe moto na kukitia majini ukidhani unakirudishia ugumu. Bluu ni kama nyuzi 300 tu, chuma hakikazwi hapo, kinakazwa kikiwa chekundu, na wewe mjukuu wa Mamba hilo unalijua kuliko mimi.

Ukishamaliza, peleka vyembe vyote kwa sonara vipimwe. Wazungu wanapima kwa greni. Cha greni 200 ni gramu 13 kasoro kidogo. Vikitofautiana sana mishale haitapiga mahali pamoja. Hivyo vya mteja ni vya ngapi? Na upinde wake unavutwa kwa nguvu ya ratili ngapi? Nijibu hilo ndipo nikuambie achukue vipi.

Mnoaji wa Mbuyuni

Shikamoo mzee. Nimempigia. Upinde ratili 48. Vyembe vyote vimeandikwa 200 kwenye karatasi aliyovifungia. Anataka ngiri na swala pala, na akipata nafasi, pofu. Nimemwambia pia kuhusu grenda. Alinyamaza kidogo, akasema "tutaongea Jumamosi."

Mzee wa Podo

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kumwambia kabla.

Pofu amwache. Pofu dume anafika kilo mia saba na zaidi, na ratili 48 ni upinde wa mtu mpole. Pala na ngiri sawa, na asipige zaidi ya mita 20.

Kwa upinde huo mimi ningemshauri abebe bapa mbili. Sababu ni nguvu. Chembe cha bapa tatu kinatoboa tundu kubwa, nimeona ngozi zake, tundu la pembe tatu lisilojifunga, damu inamwagika nje na kufuatilia ni rahisi. Lakini kila ubapa unadai nguvu ya kusukumwa, na upinde wake hauna nguvu ya kugawa. Bapa mbili nyembamba inapita mwanya mdogo, inatoka upande wa pili, na tundu mbili ni bora kuliko moja hata liwe pana. Kuna Mmarekani anaitwa Ed Ashby, alipiga mizoga kwa mishale miaka ya themanini kule Natal akiandika kila mshale ulivyoingia. Alichotoka nacho ni hiki: mshale mzito wenye uzito mbele, chembe cha bapa mbili kirefu, mlalo upande mmoja. Mlalo wa upande mmoja unakifanya chembe kijizungushe kinapoingia, na kikikuta mfupa kinaupasua kwa kuusokota. Wengi wanambishia. Mimi sibishi, mbavu za ngiri zilizopasuka kwa mstari uliopinda nimezishika.

Alizungumza pia juu ya mshale wa greni 650, kama gramu 42, kwamba ukifikia hapo mfupa mzito unavunjika mara nyingi zaidi. Kwa ratili 48 huo utaanguka kama jiwe la kombeo, asiufuate. Kanuni ya wazee wa upinde ni greni kumi kwa kila ratili kwenda juu. Afanye 550 hivi, chembe na mti wake, atakuwa salama.

Jambo moja asikosee: mlalo ulingane na manyoya. Manyoya ya bawa la kulia yanauzungusha mshale kulia, basi na chembe kiwe cha mlalo wa kulia. Vikipingana, hewani mshale unazunguka huku, ndani ya nyama chembe kinataka kule, na nguvu yote ile inaliwa na ugomvi.

Kunoa kwenyewe. Acha grenda, acha na baiskeli. Tupa laini ya inchi nane au kumi, yenye meno ya mstari mmoja, mpya au ya karibu na mpya. Tupa ya kunolea jembe haifai. Paka mlalo wote kwa kalamu ya wino ule mzito wa kuandikia maboksi. Sukuma tupa mara moja, tazama. Wino ukiondoka upande wa ndani tu, mbali na makali, umelaza tupa kupita kiasi. Ukiondoka ukingoni tu, umeisimamisha. Ukiondoka wote sawasawa, umekaa kwenye mlalo alioutoa mtengenezaji, ambao kwa hizi za upande mmoja kawaida ni nyuzi 25. Mkono ukishaujua huo mlalo usiuache. Sukuma kuelekea upande mmoja tu, ukirudi inua tupa.

Endelea mpaka upande wa pili, ule tambarare, usikie kwa kidole kijikunjo cha chuma, kama ukucha uliokatwa vibaya, kuanzia shina hadi ncha bila kukatika. Pasipokuwa na kijikunjo hapajanolewa, usijidanganye. Ndipo uhamie kwenye kinoo, mlalo uleule, mkono mwepesi zaidi. Upande tambarare unaulaza kabisa juu ya kinoo, unapitisha mara mbili tatu kuondoa kijikunjo, basi. Ukiutengenezea mlalo na upande ule umeua chembe, kitakuwa kisu cha kawaida.

Bapa tatu ni rahisi kuliko unavyodhani, na hapa ndipo grenda ilikuonea bure. Laza tupa mezani, meno juu. Weka chembe juu yake. Kwa vingi vya bapa tatu nilivyoshika, bapa mbili zinagusa tupa kwa pamoja na ya tatu inasimama juu kama tanga. Hakuna mlalo wa kutafuta, umbo lenyewe linakushikia. Sukuma mbele mara kumi, geuza, kumi, geuza, kumi. Kisha tano tano. Kisha mojamoja, uzito wa chembe chenyewe bila kukandamiza. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Ubaya wake makali hayo ni mnene, nyuzi 60 kwa jumla, yanavumilia mfupa lakini hayawi wembe kama ya bapa mbili.

Kinyozi Mstaafu (Arusha, Ngarenaro)

Mzee wa Podo umesema yote ukasahau mkanda. Mimi nimenyoa kwa wembe wa kukunja kabla hizi mashine hazijaingia, na jiwe peke yake haliwezi kumaliza kazi. Tafuta mkanda wa ngozi, wa ngozi kweli, upande wa ndani wenye vinyweleo. Gundisha kwenye kipande cha ubao usicheze. Paka ile dawa ya kijani ya kung'arishia vyuma, kiasi kidogo. Chembe kivutwe kurudi nyuma, makali yakifuata mgongo, kamwe usiyaelekeze mbele utakata mkanda. Mara ishirini upande wa mlalo, tatu upande tambarare. Usinyanyue mkono mwishoni kwa madoido kama wanavyofanya kwenye video, hapo ndipo makali yanapoviringika.

Na jifute mafuta mkononi kabla. Mimi nina alama kwenye kidole gumba ya mwaka 1988.

Mzee wa Podo

Kweli kabisa, mkanda nilisahau. Na kwenye alama, mimi ninayo pajani, nilipita karibu na podo lisilo na kifuniko. Sikusikia maumivu, nilisikia suruali imelowa. Mwambie mteja avivalishe kitu.

Mama Vitunguu (Mang'ola, Karatu)

Habari za huko. Mimi nalima vitunguu huku kando ya Ziwa Eyasi na nimekuwa nasoma nikicheka, maana jirani zangu ni mafundi wa Kidatoga wanaowatengenezea Wahadzabe vyembe, na hakuna hata mmoja mwenye mizani ya sonara.

Chembe kinaanza kikiwa msumari. Msumari mkubwa wa inchi sita, wa kawaida wa dukani. Mafundi wana mifuko ya ngozi ya kuvuvia moto, nyundo, na kipande cha chuma cha kugongea, basi. Unagongwa mpaka unakuwa bapa, unachongwa umbo, vingine vina ndoano za kuzuia kisitoke. Vikuku vya shaba wanavyouzia wageni ni mabomba na makufuli yaliyoyeyushwa. Mhadzabe analeta asali, anaondoka na vyembe. Tena wengi wa Wahadzabe wanagonga vyao wenyewe, bila hata moto, jiwe chini na kitu cha kupigia juu.

Nilichotaka kusema: siyo kila chembe ni wembe. Wana mshale wa mti mtupu uliochongoka, wa ndege na pimbi. Wana wa chuma bila sumu. Na wana wa sumu, kwa mnyama mkubwa. Huo wa sumu kazi inafanywa na utomvu wa lile waridi la jangwani, au mbegu za mmea mwingine, inapikwa mpaka inakuwa nyeusi kama lami, inapakwa chini ya ncha na kuviringishiwa ukanda mwembamba wa ngozi isikauke na isimguse mtu. Makali pale yanafungua mlango tu. Na upinde wao siyo wa ratili 48 jamani, nilijaribu kuuvuta wa kijana mmoja nikaishia kwenye kifua, watoto wakanicheka.

Wao wanaruhusiwa kwa desturi yao. Mtu mwingine akishika mshale wa sumu hapa nchini ni kesi, leseni haimwokoi. Nasema kwa yule chalii wa Kijenge asije akapata wazo.

Chalii wa Kijenge

Mama mimi hata kombeo sijui. Ila nimejifunza.

Hivi hao wazungu wa upinde walishawahi kuwinda huku kwetu?

Mzee wa Podo

Walishakuja. Mwaka 1925 Wamarekani wawili, Saxton Pope na Arthur Young, walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa pinde za mbao. Bunduki zilikuwa nyuma yao, na zilifanya kazi. Kwa hiyo ukisikia mtu anajisifu kwamba alisimama na upinde mbele ya simba, muulize nani alikuwa amesimama mgongoni kwake.

Mama Vitunguu, asante kwa ile habari ya msumari. Kule Limpopo nililetewa chembe cha duka la bei mbaya, ncha imejikunja kama ndoano ya samaki baada ya kugusa ubavu wa pala. Msumari uliogongwa vizuri pengine usingefanya hivyo. Mnoaji, ncha za hizo bapa mbili zikoje?

Mnoaji wa Mbuyuni

Mzee, mbili ziko nzima, zimechongwa kama ncha ya patasi. Moja imevunjika kichembe, kama punje ya mchele.

Mzee wa Podo

Hiyo ipunguze kwa tupa pande zote, ifanye nene kidogo, isiwe sindano. Ncha nyembamba inapendeza mezani tu.

Mnoaji wa Mbuyuni (Jumapili)

Wakuu nimerudi na mrejesho, kwa sababu hapa watu wakishasaidiwa wanapotea.

Tupa nilinunua mpya, ya inchi kumi, 9,000, nilibishana ikashuka kutoka 12,000. Ijumaa nilifunga kazi saa nane nikakaa nyumbani barazani. Ule ujanja wa wino mzee, nimefanya kazi hii miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kuniambia. Nilipaka, nikasukuma, nikatazama, na nikagundua mkono wangu wa kulia unainua kila ninapokaribia ncha. Kila mara. Maana yake visu vyote vya Mbuyuni nimevinoa hivyo, ncha imesimama kuliko tumbo. Hakuna aliyelalamika, lakini sasa najua, na limenikera.

Bapa mbili ya kwanza ilinichukua saa nzima na dakika ishirini. Kijikunjo kilikuja haraka katikati, kikagoma nchani. Nilitaka kukidanganya kwa kusimamisha tupa, nikakumbuka "usijidanganye," nikarudi kwenye mlalo. Kilipofika mwisho nilikisikia kwa ukucha, kilikwaruza mfululizo kama zipu. Ya pili dakika arobaini. Ya tatu, ile ya ncha iliyovunjika, kama hiyohiyo.

Bapa tatu nilimpa mwanangu wa darasa la tano ajaribu ya kwanza, nikiwa nimeketi pembeni. Mzee ulisema darasa la nne. Ameweza.

Mkanda nilikata ule wa baba, ngozi ya kweli, buckle yake ilishakatika zamani. Dawa ya kijani nilipata kwa wanaong'arisha vyuma vya pikipiki.

Rababendi: vile vitatu vya bapa mbili vyote vinakata mpira kabla sijajua nimegusa. Mpira unaruka unanipiga usoni. Vile viwili vizima vya bapa tatu vinakata, ila unasikia kama mpira unafikiria kwanza. Basi nikachukua kisu changu cha jikoni, ambacho mke wangu anakisifia kwa majirani, nikakigusisha. Mpira ulibonyea mpaka ndani ya kopo.

Hicho cha bluu nilijaribu kwa kona ya tupa, huku iliteleza, kule ikauma kama sabuni. Nikaondoa bluu yote, na ili bapa zilingane ikabidi nizipunguze zote tatu. Sonara wa pale mjini alinipimia bila malipo, alitaka tu kujua ni nini. Vitano vimesimama kati ya gramu 12.7 na 12.9. Kile kimoja 11.8.

Mteja alikuja jana saa kumi na mbili. Nilimwekea vyote sita kwenye leso yake, kile kibovu nimekitenga. Alikishika hicho kwanza, akakigeuza kwenye mwanga, hakusema kitu, nikamkumbuka babu tena. Halafu akauliza kama nina rababendi. Kumbe hata yeye anakijua hicho kipimo! Alijaribu kimoja kimoja. Akasema bapa mbili atabeba, bapa tatu nzima atabeba za akiba, na kile chepesi atakitumia kupiga mazoezi kwenye gunia la nguo kuukuu, maana ilibidi atoe kimoja sadaka aone vinavyoruka tofauti na ncha za mazoezi. Ila kwa kuwa ni chepesi hakitamwambia kila kitu. Alilisema hilo bila kunitazama.

Tulikubaliana 3,000 kwa kimoja. Alinilipa vitano, 15,000, na cha sita akasema tumesameheana. Kuhusu pofu nilimfikishia salamu zako mzee, akacheka akasema ataona. Nikamsomea ile habari ya nyumbu kwenye simu, akaacha kucheka.

Swali la mwisho kabla sijafunga: vinoo vya kumalizia, vile laini sana, mnanunua wapi Arusha? Huku Moshi nimepata cha pande mbili tu na upande laini wake bado unaacha mistari. Nakuja huko Alhamisi.

Kinyozi Mstaafu

Alhamisi njoo Ngarenaro, uliza kinyozi wa zamani karibu na msikiti. Ninacho kimoja sikitumii tena. Uje na hicho chembe cha bluu kama hajaondoka nacho, nikione.

Mnoaji wa Mbuyuni

Ameondoka nacho. Nitakuja na kisu cha mke wangu.